Kurudi kwenye mgahawa uleule kila unaposafiri: mwongozo kamili wa mteja wa mbali

Mgahawa mdogo wa hadhi ya juu hauonyeshi kila kitu siku ya kwanza. Unapokelewa kwa adabu, unaletewa menyu ya kuonja, sahani nane, kumi, pengine kumi na tano, kila moja na maelezo yake, kisha unalipa na kuaga. Umekula vizuri sana. Lakini wenyeji wako hawajui kwamba unakula polepole, kwamba pombe hutumii, kwamba sahani ya nne ndiyo iliyokunyamazisha katikati ya mazungumzo. Wakishayajua hayo, ukarudi, unakula chakula kingine kabisa hata kama menyu ni ileile.

Anayeishi mtaa wa jirani huyapata hayo kwa kupita mara kwa mara. Wewe unakuja kwa ndege, mara moja au mbili kwa mwaka ukijaliwa. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mteja wa mbali anaweza kuwa mtu wa nyumbani kwenye mgahawa wa namna hiyo, na kinachomfikisha huko ni kutabirika. Akisema anakuja, anakuja. Akisema wawili, ni wawili. Akisema hali karanga, hali karanga leo wala mwakani. Mgahawa wenye viti 12 au 25 unaishi kwa wageni wa aina hiyo, na hauwasahau.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mgahawa wa kurudiwa

Sifa za kwenda mara ya kwanza si sifa za kurudi. Mwaka 1900 kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa kitabu cha kuwasaidia wenye magari nchini Ufaransa, na mwaka 1926 kikaanza kuipa migahawa nyota. Ngazi ya nyota mbili na ya tatu zilifuata miaka michache baadaye, na maana zake hadi leo ni za msafiri: mbili ni jiko linalostahili kuchepukiwa njiani, tatu ni jiko linalostahili kufungiwa safari maalumu. Kwa mtu anayetafuta pa kuanzia, ni msaada mkubwa. Kwa anayetaka kurudi, kati ya vigezo vya wakaguzi wao ninakipa uzito kimoja: uthabiti, yaani ubora usioyumba kwenye menyu nzima na kutoka ziara moja hadi nyingine. Huo mtu hawezi kuuona kwa usiku mmoja, ndiyo maana ziara ya pili ni ya kupima kama ilivyo ya kufurahi.

Kabla hujaamua, tafuta majibu ya mambo matatu. Kwanza, je, mpishi mkuu ndiye mwenye mgahawa, au ana hisa ndani yake? Mpishi aliyeajiriwa anaweza kuondoka mwezi ujao na kuondoka na kila ulichokipenda. Pili, wahudumu wanakaa? Ukirudi ukakuta sura zote mpya, kumbukumbu yako imeanza upya. Tatu, menyu inabadilika lini?

Hili la tatu ndilo linalopanga safari zako. Noma, mgahawa wa Copenhagen nchini Denmark, ilipofunguliwa upya mwaka 2018, iliugawa mwaka katika misimu mitatu: vyakula vya baharini, kisha mboga, kisha nyama pori na mazao ya msituni. Mtu aliyekwenda Februari na mwingine aliyekwenda Julai walikula kwenye nyumba moja lakini hawakula chakula kimoja. elBulli ya Hispania, hadi ilipofungwa mwaka 2011, ilikuwa ikipokea wageni karibu nusu mwaka tu, na miezi iliyobaki wapishi walikuwa wakibuni menyu inayofuata. Hayo ni majina makubwa, lakini migahawa midogo mingi nayo ina kalenda yake: menyu ya kila msimu, ya kila mwezi, au ile isiyobadilika isipokuwa sahani mbili tatu. Kwenye menyu ya msimu, rudi msimu ambao hukuwahi kuuona. Kwenye menyu isiyobadilika, unarudi kwa ajili ya sahani unayoijua, na hakuna ubaya wowote katika hilo; kula kitu kilekile kikiwa kimepikwa vizuri zaidi ya mwaka jana ni furaha ambayo mgeni wa usiku mmoja haipati.

Hatua ya 2: Usiku wa kwanza, waachie kitu cha kukumbuka

Kuna kikao kifupi ambacho mgeni hakioni. Kabla ya milango kufunguliwa, wahudumu na wapishi husimama pamoja na kupitia orodha ya usiku ule meza kwa meza: nani ana mzio, nani anasherehekea, nani amewahi kuja na alisema nini. Habari hizo hutoka kwenye programu ya kuhifadhi meza, ambako kila mgeni ana ukurasa wake, au kwenye daftari lililo karibu na simu. Unachotaka ni kwamba jina lako likisomwa kwenye kikao kijacho, liwe na mstari wenye maana mbele yake.

Mstari huo unauandikisha wewe. Ukisema "chakula kilikuwa kitamu sana", umeonyesha adabu lakini hujawapa cha kuandika. Sema kitu kimoja mahususi: "Ile supu ya kabla ya samaki, uchachu wake wa mwishoni, sijakutana nao popote." Mhudumu ataupeleka ujumbe huo jikoni neno kwa neno, maana jikoni kuna mtu aliyepika supu hiyo tangu asubuhi, na mara nyingi huwa hasikii lolote. Kama kuna sahani haikukuendea, iseme vilevile kwa upole ukiulizwa. Mgeni anayesifu kila kitu hana msaada kwa mpishi.

Uliza jina la aliyekuhudumia na umtajie lako. Kabla ya kuondoka uliza lini menyu itabadilika na ni njia gani wanapenda watu waitumie kuomba meza. Maswali mawili tu, na uyaulize wakati wa kulipa, si wakati mhudumu ana sahani nne mkononi. Ukifika ulikolala, andika: tarehe, ulikaa wapi, ulikula nini kwa mpangilio, nani alikuhudumia, kipi ulikipenda. Baada ya miezi minane hutakumbuka, na maandishi hayo ndiyo yatakayokusaidia kuomba meza inayofuata.

Kwenye mgahawa ninaourudia mimi, kaunta inatazamana na jiko, na ninatumia mkono wa kushoto. Ziara ya kwanza nilikuwa nikihamisha kijiko kila sahani ilipoletwa, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Niliporudi, vijiko vilikuwa kushoto kabla sijakaa, na sahani zililetwa kutoka upande ambao kiwiko changu hakikuwa njiani. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Wahudumu wazuri hutazama mikono kuliko nyuso.

Hatua ya 3: Pata meza kabla ya kukata tiketi

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpangilio sahihi ni huu: kwanza kalenda ya mgahawa, kisha meza, kisha ndege. Migahawa midogo mingi hufunga siku mbili kwa wiki, mara nyingi Jumapili na Jumatatu, na hufunga tena wiki mbili tatu kwa mapumziko ya wafanyakazi wote kwa pamoja, kwa kuwa haina watu wa kutosha kupokezana likizo. Ulaya, hasa Ufaransa na Italia, mwezi wa Agosti una milango mingi iliyofungwa. Aliyekata tiketi kwanza huja kusoma tangazo la likizo mlangoni.

Nafasi nyingi hufunguliwa kwa dirisha: siku 30, 60 au 90 kabla, saa maalumu, na viti vyote huisha dakika hizohizo. Weka kengele ya simu kwa saa ya mji ule, na hapa msomaji wa Kiswahili ana mtego wake. Saa mbili usiku yetu ni 20:00 yao. Ukichagua 2:00 kwenye programu umeomba jambo jingine kabisa, kwa hiyo andika na usome kwa mfumo wa saa 24 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kumbuka pia kwamba nchi nyingi hubadilisha saa: Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Tofauti ya saa uliyoizoea inaweza kuwa imesogea kwa saa nzima wiki hiyo.

Tumia jina lilelile, namba ileile na barua pepe ileile kila mara. Linaonekana dogo, lakini programu za kuhifadhi meza humtambua mgeni kwa vitu hivyo. Mara hii umeweka nafasi kwa namba ya safarini, mara ijayo mwenzako ameweka kwa jina lake, na mfumo unakuona mgeni mpya kila unapofika. Kama kumbukumbu hizo zinakutia wasiwasi, fahamu kwamba katika Umoja wa Ulaya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, inakupa haki ya kuuliza mgahawa una taarifa gani juu yako na kutaka zirekebishwe.

Malipo nayo yana hatua zake. Mwaka 2011 mgahawa wa Next wa Chicago ulianza kuuza meza kama tiketi, mgeni akilipa kabla ya kula, na utaratibu huo umeenea tangu wakati huo. Mingine huchukua amana, mingine hushikilia namba ya kadi na kukata pesa usipofika. Benki nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya simu wakati wa malipo ya nje, kwa hiyo fanya malipo laini hiyo ikiwa hewani. Watu wamepoteza meza kwa sababu laini ilikuwa imezimwa ili kukwepa gharama za kupokea ujumbe ugenini. Soma pia kama tiketi ya meza inaweza kupewa mtu mwingine. Mara nyingi pesa hairudi lakini meza inahamishika.

Ukishakula kwao, una njia ambayo mgeni mpya hana: kuandika moja kwa moja. Hapo ndipo yale maandishi yako yanapofanya kazi. Tumia lugha wanayoielewa, mistari michache, mfano hivi:

"Habari za kazi. Naitwa (jina kamili). Tulikula kwenu Machi mwaka jana, watu wawili, tulikaa kaunta. Nitakuwa mjini kwenu tarehe 12 hadi 16 Oktoba na tungependa kurudi usiku wowote kati ya hizo, 18:30 au 20:30, watu wawili. Mmoja wetu ana mzio wa karanga, kama mara iliyopita. Ikiwa usiku umejaa, mchana pia tutafurahi. Ahsanteni sana."

Ujumbe huo unawapa siku kadhaa za kuchagua, saa mbili, idadi, mzio, na njia ya kukutafuta kwenye kumbukumbu zao. Hauombi upendeleo. Anayejibu anaweza kukubali kwa mstari mmoja, na hilo ndilo linalokupatia jibu kutoka kwa mtu anayeandika barua pepe huku akisubiri mzigo wa mboga mlangoni.

Ukikosa, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri na uwe tayari kweli. Meza za watu wawili hupatikana kuliko za wanne, na kiti kimoja kaunta hupatikana kuliko vyote. Anayesafiri peke yake ana bahati hapa, naye asione haya kuitumia. Chakula cha mchana nacho nakipigia debe: jiko ni lilelile, mara nyingi bei ni ndogo, na wapishi wana nafasi ya kuzungumza.

Kuna milango inayofunguka kwa ndani tu. Sukiyabashi Jiro, mgahawa wa sushi wa Tokyo wenye viti vipatavyo 10, iliondolewa kwenye kitabu cha Michelin cha Tokyo cha mwaka 2020 kwa sababu ilikuwa haipokei tena maombi ya watu wa kawaida. Nafasi zilikuwa za wateja wa kudumu, waliotambulishwa, au waliopitia hoteli kubwa. Mahali pa aina hiyo, na hata penye masharti mepesi kuliko hayo, meza inayofuata huombwa kabla hujatoka mlangoni. Uliza wakati wa kulipa: "Naweza kuomba siku ya Machi sasa hivi?" Wakikubali, umemaliza kazi ya miezi kadhaa kwa sentensi moja.

Hatua ya 4: Itunze meza uliyopewa

Tufanye hesabu. Mgahawa wa viti 16 unaopokea wageni mara moja kwa usiku, meza ya wanne isipofika, robo ya mapato ya usiku huo imekwenda. Samaki alishanunuliwa, mpishi wa zamu alishakuja, na walioomba meza hiyo walishakataliwa. Mgahawa mkubwa hulijaza pengo hilo kwa wapita njia. Mdogo hauna wapita njia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa nyumba kama hizi maneno hayo ni hesabu ya kodi na mishahara.

Kwa hiyo thibitisha siku mbili au tatu kabla, hata kama hawajakuuliza. Muda wa kufuta bila kukatwa pesa mara nyingi ni saa 24 hadi 72, lakini wewe usiungoje ufike mwisho: ukijua safari imevurugika, andika dakika hiyohiyo. Idadi ikipungua, sema. Idadi ikiongezeka, uliza, na ukubali jibu la hapana.

Kamwe usiweke meza usiku wa kuwasili. Ndege huchelewa, mizigo hupotea, na hata ukifika salama umechoka kiasi kwamba ladha nyepesi zinakupita. Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti ili kuzoea, na mlo wa saa tatu ukiwa na usingizi wa alfajiri ni kujidhulumu. Usiku wa pili au wa tatu unafaa zaidi. Usiku wa mwisho nao ni mzuri kama ndege ni ya mchana kesho yake.

Namba ya simu ya mgahawa iwe kwenye simu yako pamoja na msimbo wa nchi. Ukichelewa dakika 10, piga ukiwa njiani. Menyu ya kuonja hupikwa kwa mfuatano na kaunta nzima huweza kuanza pamoja, hivyo dakika zako 20 zinakuwa za watu wote.

Hatua ya 5: Sema usichokula, mapema na kwa ukweli

Mzio utajwe wakati wa kuomba meza, urudiwe wakati wa kuthibitisha, na utajwe tena ukikaa, kila ziara. Usitegemee kwamba wanakumbuka, hata wale wanaokukumbuka. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, mgahawa unatakiwa uweze kumweleza mgeni kuhusu vyakula 14 vinavyojulikana kuleta mzio, kuanzia ngano na karanga hadi ufuta na samakigamba. Kwingineko masharti hutofautiana, kwa hiyo andika kadi kwa lugha ya nchi ile yenye jina la kitu chenyewe na kiasi cha hatari: je, hata chembe inadhuru, au ni kutokula tu?

Tofautisha vitu vitatu: kinachokuumiza, kinachokatazwa na dini au msimamo wako, na usichokipenda. Vyote vina haki ya kusemwa, lakini jiko hushughulika navyo kwa namna tofauti. Ukiita mzio kitu usichokipenda, watasafisha vyombo, watabadilisha mafuta, watapika sahani ya pembeni, halafu wakuone ukikionja kwa mwenzako. Baada ya hapo neno lako halina uzito tena, na kwa mteja wa kurudi neno ndilo mtaji. Ambaye hanywi pombe aseme mapema vilevile. Migahawa mingi ya aina hii siku hizi huandaa vinywaji visivyo na kilevi vya kuendana na kila sahani, lakini hutengenezwa kwa idadi.

Hatua ya 6: Ukiwa mezani

Fika umeoga, usijipake manukato makali. Kwenye chumba cha watu 15 harufu yako inaingia kwenye sahani ya jirani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni pua inayofanya kazi.

Picha, uliza mara moja mwanzoni, kisha piga haraka bila mwanga. Kuna sahani zinazotoka jikoni zikiwa na dakika mbili za uhai: kitu cha moto juu ya kitu cha barafu, ukoko utakaolainika. Mpishi aliye mbele yako anaziona dakika hizo zikiisha. Kula kwanza.

Zungumza na jiko kwa kufuata mwendo wake. Wapishi wakiwa wameinamisha vichwa wote kwa pamoja, wanapanga sahani, na swali lako lisubiri. Wakinyanyuka na kuanza kufuta meza za kazi, sasa uliza. Mteja mzoefu hutambulika hapo kuliko anapotaja majina.

Usidai sahani ya mwaka jana. Unaweza kusema unaikumbuka, na wakati mwingine utaona kitu kidogo kimeletwa ambacho hakipo kwenye menyu. Kikija, shukuru na ule. Kisipokuja, hakuna deni. Vilevile usitangaze kwa sauti kwa meza ya jirani kwamba wewe ni wa siku nyingi. Mgeni wa mara ya kwanza pale jirani anastahili usiku wake kamili.

Juu ya kuagiza: kuwa mteja wa kurudi hakukulazimishi kuchukua menyu ndefu wala mvinyo wa gharama. Chagua kiwango unachoweza kukirudia bila kuumia. Napendekeza ukadirie gharama ya ziara moja kwa ukamilifu wake, yaani menyu, vinywaji, huduma, usafiri wa usiku, kisha uitenge kabla ya safari. Aliyetumia kila kitu usiku mmoja huwa harudi mwaka unaofuata.

Hatua ya 7: Kulipa na kushukuru

Soma bili. Kuna nchi ambako huduma imeshaingizwa ndani, kuna ambako bakshishi ndiyo sehemu kubwa ya kipato cha mhudumu, na kuna ambako kuacha pesa mezani huwafanya wakukimbilie barabarani kuirudisha. Tafuta utaratibu wa nchi hiyo kabla, ufuate huo, na uufuate kwa usawa kila ziara.

Zawadi si lazima. Ukitaka kubeba, iwe ndogo, iliyofungwa, inayoweza kugawanywa na timu nzima, wakiwemo waosha vyombo. Angalia sheria za mpakani: anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka nje, kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi kubeba nyama wala bidhaa za maziwa mizigoni. Kadi iliyoandikwa kwa mkono inapita kila mpaka. Nimeziona kadi za namna hiyo zimebandikwa ukutani kwenye korido ya kuelekea jikoni, kando ya ratiba za zamu.

Ukiandika maoni hadharani, andika yatakayowasaidia wengine, usifichue siri za nyumba: kile kitu cha ziada ulicholetewa kisigeuke kuwa madai ya kila mgeni ajaye.

Hatua ya 8: Kati ya safari na safari

Kidogo kinatosha. Barua fupi ya shukrani ndani ya wiki, ikitaja sahani moja na jina la aliyekuhudumia. Kujiandikisha kwenye taarifa zao za barua pepe, ambako mabadiliko ya menyu, ya bei na ya siku za kufungua hutangazwa kwanza. Ukimtuma rafiki, mwandikie mgahawa mwenyewe kumtambulisha, na umweleze rafiki kuhusu kuwahi, mzio na kufuta. Akishindwa kufika, jina lako ndilo lililomleta.

Usiwatumie ujumbe binafsi wapishi na wahudumu kila mwezi. Wana familia, na wana wateja wengine wanaowapenda pia.

Hatua ya 9: Mambo yanapobadilika

Yatabadilika. Bei itapanda, na kwenye nyumba ya viti vichache hupanda kwa sababu hakuna wingi wa wageni wa kuugawanya mzigo. Ikikuzidi, nenda mchana, au ruka mwaka mmoja, bila kulalamika mezani.

Ziara ikiharibika, tofautisha usiku mbaya na nyumba iliyobadilika. Sahani iliyokuja baridi iseme palepale, kwa sauti ya chini, ili wapate nafasi ya kurekebisha. Kama ni mwenendo mzima, andika siku inayofuata ukiwa umetulia, faragha, ukitaja kilichotokea kwa mpangilio. Jibu lao litakuambia kama urudi. Nimeona malalamiko ya adabu yakijenga uhusiano kuliko sifa nyingi, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mtu anatarajia kurudi.

Mpishi mkuu akiondoka, una nyumba mbili za kufuatilia. Ipe ile ya zamani ziara moja baada ya miezi kadhaa, jiko jipya likishatulia, na uiendee bila kuilinganisha kila sahani. Yule aliyeondoka naye atafungua kwingine, pengine mji mwingine, pengine pa viti vinane. Wakuu wa jiko wengi waliofungua migahawa yao walikuwa wasaidizi mahali fulani, kwa hiyo yale majina uliyoyaandika kwenye daftari, ya aliyekaanga, aliyeoka, aliyekumiminia maji, sasa yana kazi: ndiyo utakayoyatafuta ukisikia mlango mpya umefunguliwa.

Na mgahawa ukitangaza kufunga kabisa, andika siku hiyohiyo. Miezi ya mwisho hujaa haraka, na walio mbali ndio wanaochelewa kupata habari. Omba siku yoyote waliyonayo, hata kiti kimoja, hata mchana wa katikati ya wiki, kisha panga ndege kuzunguka siku hiyo. Usiombe sahani wala menyu ya ukumbusho. Wataamua wenyewe nani wampe nini. Waulize tu kila mmoja anaelekea wapi, na uandike anwani.